Kuosha Koili ya Nje ya Kiyoyozi Kabla ya Kulipia Gesi

Kaskazi inapoanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, kaya nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar hutegemea kiyoyozi ili watu wapate usingizi. Ni katika miezi hiyohiyo ambapo mwenye nyumba huona chumba hakipoi kama zamani, na yuniti za LUKU zinakwisha kabla ya siku alizozizoea. Huita fundi, na mara nyingi jibu huwa fupi: "Gesi imeisha." Mwenye nyumba hulipa, chumba hupoa kidogo, na baada ya wiki chache hali hurudi ilivyokuwa.

Katika somo hili tunataka kumwonyesha mtumiaji kwamba kiyoyozi kisichopoza vizuri huweza kuwa na gesi ya kutosha kabisa, ila kimezibwa na vumbi. Tutaeleza koili ya nje hufanya kazi gani, inavyooshwa kwa usalama na mtu asiye fundi, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya gesi.

KIYOYOZI HUHAMISHA JOTO

Watu husema kiyoyozi "kinatengeneza baridi." Kwa kweli kazi yake ni kubeba joto kutoka chumbani na kulitupa nje. Sehemu ya ndani, iliyo ukutani, hufyonza joto la hewa ya chumba. Gesi iliyo ndani ya mabomba ya shaba hulichukua joto hilo hadi kwenye sanduku la nje, ambako kompresa huigandamiza gesi mpaka iwe na joto kali kuliko hewa ya nje. Gesi hiyo hupita katika koili, nayo feni huvuta hewa kupitia koili na kuisukuma mbele. Joto huondoka na hewa hiyo, gesi hugeuka kuwa kimiminika, na safari huanza upya.

Koili yenyewe inafanana na rejeta ya gari. Ni mabomba yaliyopitishwa katika mamia ya mapezi ya alumini yaliyopangwa karibu karibu. Kila pezi lina unene wa takriban milimita 0.1 tu, na mapezi hayo ndiyo yanayotoa nafasi kubwa ya joto kukutana na hewa.

Mzigo wa koili si mdogo. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho ni cha kawaida katika vyumba vya kulala, huondoa chumbani joto la takriban kilowati 3.5 kinapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Kompresa na feni hutumia umeme wa takriban kilowati 1, na umeme huo nao huishia kuwa joto. Kwa hiyo sanduku la nje hulazimika kutupa joto la karibu kilowati 4.5, sawa na birika mbili kubwa za umeme zinazochemka kwa pamoja bila kuzimwa.

Sasa mapezi yakizibwa, hewa haipiti ipasavyo. Joto hubaki ndani ya koili, msukumo wa gesi hupanda, na kompresa hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi huku ikipoza kidogo zaidi. Mtumiaji hulipia umeme mwingi na hupata baridi haba. Hali ikizidi, kifaa cha kinga huizima kompresa mchana wa jua kali, yaani wakati uleule inapohitajika zaidi. Na kompresa inayofanya kazi hivyo kwa muda mrefu huchakaa mapema. Hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika kiyoyozi.

UCHAFU UNATOKA WAPI

Katika miji yetu koili huchafuka kwa njia nyingi. Vumbi la barabara zisizo na lami hupeperushwa na kila gari linalopita. Moshi wa dizeli na wa jikoni huacha utandu wa mafuta, na vumbi hunata juu yake. Nyuzi za nguo zilizoanikwa karibu na sanduku huvutwa na feni, hali kadhalika manyoya ya kuku, majani makavu na mifuko ya plastiki. Penye ujenzi wa jirani, vumbi la saruji hugandamana kwenye mapezi likipata unyevu.

Aliye karibu na bahari ana adui mwingine, nao ni chumvi. Upepo huibeba hewani na kuitua juu ya alumini, ambako huila taratibu mpaka mapezi yanakuwa unga mweupe yakiguswa. Uharibifu huo hauwezi kurudishwa kwa kuosha. Huweza tu kucheleweshwa kwa kuosha mapema.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mtumiaji anaweza kufanya ukaguzi huu bila kufungua chochote:

Kwanza, kizime kiyoyozi, kisha mulika kwa tochi nyuma na ubavuni mwa sanduku la nje. Koili safi huonyesha mistari ya mapezi wazi wazi. Ukiona blanketi la kijivu au kahawia, koili imeziba.

Pili, kitazame kikiwa kinafanya kazi. Hewa inayotoka mbele ya feni inapaswa kuwa ya moto kiasi na yenye nguvu. Ikitoka kwa unyonge, huku sanduku likinguruma kuliko kawaida, shaka ielekezwe kwenye koili.

Tatu, angalia mwenendo wa siku nzima. Kiyoyozi kinachopoza vyema usiku na alfajiri, lakini kikashindwa au kujizima saa nane mchana, mara nyingi kinashindwa kutupa joto.

Kabla ya kwenda nje, fungua mfuniko wa sehemu ya ndani ukatazame chujio. Chujio lililoziba nalo huleta upungufu wa baridi, na kulisafisha ni kazi ya dakika chache chini ya bomba la maji.

NANI ASIFANYE KAZI HII MWENYEWE

Tunamshauri mtumiaji aoshe koili mwenyewe iwapo tu anaweza kuifikia akiwa amesimama chini, au katika baraza yenye ukingo imara. Sanduku lililofungwa ukutani mwa ghorofa ni kazi ya fundi mwenye ngazi madhubuti na mkanda wa usalama. Hakuna akiba ya umeme inayolingana na mtu kuanguka.

Vilevile asiguse mtu kiyoyozi chenye waya zilizo wazi, kilichowahi kumpiga mtu umeme, au kilichoachwa bila mfuniko wa sehemu ya umeme. Aliye na kiyoyozi kipya asome kwanza masharti ya dhamana, kwani kufungua sanduku kunaweza kuiondoa. Hatua tunazozieleza hapa hazihitaji kulifungua.

VIFAA

Vifaa vyake vinapatikana katika kila nyumba: brashi yenye nywele laini, ndoo, mpira wa maji au bomba la kunyunyizia la bustani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, glavu, viatu visivyoteleza na tochi.

Maji nayo yaangaliwe. Visima vingi vya mwambao hutoa maji yenye chumvi. Kuosha koili kwa maji hayo ni kuondoa vumbi na kupaka chumvi. Kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, tumia maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga. Ndoo tatu au nne zinatosha koili ya kiyoyozi kidogo.

HATUA ZA KUOSHA

1. Chagua asubuhi, kabla jua halijakali na wakati hakuna mvua. Kama unaishi ghorofani, waarifu walio chini yako kwamba maji machafu yatadondoka.

2. Kata umeme. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu umeme hubaki umefika kwenye sanduku. Zima swichi ya kiyoyozi ukutani pamoja na breka yake katika sanduku la umeme, kisha bandika karatasi yenye maneno "Usiwashe" ili mtu mwingine wa nyumbani asije akaiwasha. Bonyeza rimoti: sehemu ya ndani isitoe mlio wala taa. Subiri dakika 10 kabla ya kuanza. Usifungue mfuniko wa waya kwa hali yoyote, maana ndani yake mna kapasita ambayo huhifadhi umeme hata baada ya kukatwa.

3. Safisha mazingira. Ondoa majani, mifuko, ndoo na nguo zilizo karibu. Sanduku linahitaji nafasi ya kuvuta hewa nyuma na nafasi kubwa zaidi ya kuitoa mbele.

4. Piga brashi kavu. Pitisha brashi kwa kufuata mapezi, kwa kawaida kutoka juu kwenda chini. Usisugue kwa kukatisha mapezi, kwa sababu yatalala na kuziba njia ya hewa kuliko vumbi lenyewe. Ukianza na maji kabla ya kuondoa vumbi kavu, utapata tope ndani ya koili.

5. Mwagia maji kwa upole. Anza juu ushuke chini, maji yakiingia wima kati ya mapezi, si kwa ubavu. Nguvu ya maji iwe ile ya kumwagilia mche. Epuka upande ambao waya na mabomba huingia. Kwa kawaida ndiko iliko sehemu ya umeme, na mara nyingi huwa kuume kwako ukiwa umelielekea feni.

6. Tumia sabuni kama kuna utandu wa mafuta. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo katika lita 5 za maji, nyunyizia, acha kwa dakika 5 hadi 10 bila kukauka, kisha suuza mpaka maji yatoke yakiwa safi na yasiyo na povu.

7. Mulika tena kwa tochi. Kama mwanga na maji havipenyi hata baada ya kurudia mara ya pili, uchafu umejificha ndani. Hapo muite fundi afungue sanduku na kuiosha koili kutoka ndani kwenda nje, yaani kinyume cha njia ya hewa, ili uchafu usukumwe utoke ulikoingilia.

8. Acha pakauke kwa saa moja. Hakikisha hakuna maji yaliyotuama karibu na waya, kisha rudisha umeme. Usishtuke kompresa ikichelewa kuanza; viyoyozi vingi husubiri takriban dakika 3 kabla ya kuiruhusu, ili kuilinda.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitumie mashine ya kuoshea magari. Msukumo wake hulaza mapezi mara moja, na kuyanyoosha ni kazi ya siku nzima kwa kitana maalumu cha fundi.

Usitumie asidi ya kuoshea vyoo, dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, wala magadi makali ya kuzibulia mabomba. Vyote hivyo huila alumini. Petroli na mafuta ya taa huweza kuwaka moto. Dawa maalumu za koili zinazouzwa madukani nazo zitumike kwa kufuata maelezo yaliyo juu ya chupa, kisha zisuuzwe kabisa.

Usichokonoe uchafu kwa kisu, bisibisi au msumari. Nyuma ya mapezi kuna bomba lenye gesi iliyogandamizwa; tundu moja dogo hugeuza usafi wa bure kuwa matengenezo ya fedha nyingi.

PIMA KWA MITA YAKO

Mtumiaji hana haja ya kutuamini kwa maneno tu. Mita ya LUKU huonyesha yuniti zilizobaki, na hicho ni kipimo kilichomo tayari nyumbani.

Kabla ya kuosha, chagua usiku tatu za hali ya hewa inayofanana. Andika yuniti zilizobaki unapowasha kiyoyozi na unapokizima, ukitumia nyuzi zilezile kwenye rimoti na saa zilezile. Baada ya kuosha, rudia kwa usiku tatu nyingine. Vifaa vingine vya nyumbani vitumike kama kawaida katika siku zote sita. Linganisha wastani wa kabla na wa baada.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kiyoyozi kinatumia yuniti 1.1 kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi. Kikiwa safi, kompresa hufanya kazi jumla ya saa 6 kwa usiku: yuniti 6.6. Kikiwa kichafu, inalazimika kufanya kazi saa 8 ili kuleta ubaridi uleule: yuniti 8.8. Tofauti ni yuniti 2.2 kwa usiku mmoja, au yuniti 66 kwa usiku 30. Zidisha yuniti hizo kwa bei unayonunulia, nawe utajua vumbi linakugharimu shilingi ngapi. Nyumba yako inaweza kuwa na tofauti ndogo au kubwa kuliko hiyo. Mita ndiyo itakayosema.

FUNDI ANAPOSEMA GESI IMEISHA

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo. Gesi ya kiyoyozi si kama gesi ya kupikia. Haiungui wala hailiwi na matumizi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kiyoyozi kizima huweza kwenda miaka mingi bila kuongezewa hata gramu moja. Ikipungua, maana yake inavuja mahali fulani. Kujaza bila kuziba tundu ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Kuna madhara zaidi. Koili ya nje ikiwa imeziba, msukumo wa gesi tayari uko juu. Fundi akiongeza gesi katika hali hiyo, huupandisha zaidi na kuitesa kompresa. Chujio la ndani likiwa limeziba, nalo hushusha kipimo cha geji kana kwamba gesi ni pungufu. Kwa sababu hizo, kipimo cha haki huchukuliwa baada ya chujio na koili zote mbili kuwa safi.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kulipa, muulize fundi kwa heshima:

"Umeshakagua chujio na koili ya nje?" Kama bado, aanze na hayo.

"Gesi inavuja wapi?" Akuonyeshe mahali penyewe. Alama ya mafuta kwenye maungio, au mapovu ya sabuni yanayochemka pale anapopaka, ni ushahidi unaoonekana kwa macho.

"Kiyoyozi hiki kinatumia gesi gani, na kiasi gani?" Jibu limeandikwa kwenye bamba la sanduku la nje: huenda ni R-22 kwa viyoyozi vya zamani, au R-410A, au R-32. Kila moja ina msukumo wake na haifai kubadilishana na nyingine wala kuchanganywa. R-32 huweza kushika moto, hivyo fundi asivute sigara wala kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi.

"Gesi iliyobaki utaiweka wapi?" Isiachiliwe hewani. R-22 huharibu tabaka la ozoni na iko chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R-410A na R-32 huongeza joto la dunia, nazo zimo katika marekebisho ya itifaki hiyo yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. Fundi mwenye vifaa huivuta gesi katika mtungi.

Mwisho, dai risiti inayotaja kazi iliyofanywa: jina la gesi, kiasi chake, na mahali palipozibwa. Risiti iliyoandikwa "matengenezo ya kiyoyozi" pekee haitakusaidia iwapo tatizo litarudi mwezi ujao. Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Yanamtofautisha na asiye mwaminifu.

MARA NGAPI

Kagua koili kwa tochi kila baada ya miezi 3. Ioshe angalau mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe Novemba, kabla ya kaskazi. Aliye kando ya barabara ya vumbi au karibu na ujenzi aoshe kila inapoonekana chafu. Aliye jirani na bahari aisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, hata kama haionyeshi vumbi. Mpangaji na mwenye nyumba nao waandikiane mapema ni nani atakayeshughulikia kazi hii.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuzima kiyoyozi kwa rimoti hakutoshi kabla ya kuosha koili?

2. Brashi ipitishwe kwa kufuata upande gani wa mapezi, na kwa nini?

3. Kiyoyozi chako kimeongezewa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ni jambo gani ambalo halijafanywa?

Msomaji atakayeweza kuyajibu maswali haya matatu ana elimu ya kutosha kuilinda mashine yake na mfuko wake. Tunamshauri aanze leo, kwa tochi na dakika tano nyuma ya nyumba.